Muulize Fundi: Ukuta Unaovimba, Jiki na Viatu vya Harusi

Shikamoo fundi. Nakaa mlimani, Mabatini. Ukuta wa chumba cha nyuma nimeupaka rangi mara tatu, lakini kila masika inavimba na kubanduka, madoa meusi yanarudi. Ninunue rangi gani?

Marahaba. Usinunue rangi kwanza. Zunguka nyuma ya nyumba uone udongo umefika wapi. Nyumba nyingi za milimani hapa Mwanza zimechongewa kiwanja kwenye mteremko, na ukuta wa nyuma ndio unaozuia kilima. Jiwe halinywi maji. Mvua ikinyesha, yanateleza juu ya mwamba hadi kwenye udongo uliolalia tofali zako, yanapenya ndani.

Upime hivi: chukua kipande cha nailoni cha ukubwa wa gazeti, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Jasho likijikusanya upande wa ukutani, maji yanatoka kwenye tofali. Likiwa upande wa chumbani, ni unyevu wa hewa yenu wenyewe. Hapo soma jibu la mpangaji wa Nyegezi, hapa chini.

Kama ni tofali, shusha udongo mpaka uwe chini ya usawa wa sakafu, chimba mtaro, jaza kokoto, upe mwinamo wa kutolea maji pembeni. Ndani bandua plasta iliyooza. Acha ukuta ukauke kiangazi, Juni hadi Agosti, halafu paka chokaa. Ndiyo, chokaa ileile ya bibi. Inaacha ukuta upumue, na kuvu hauupendi ukali wake. Rangi ya mafuta inafungia maji ndani, ndiyo maana yako inavimba kama andazi. Na mtoto mwenye pumu asilale chumba hicho kwa sasa.

Jirani kaniambia nichanganye jiki na siki ili kuvu wa bafuni ufe haraka. Ni kweli?

Hapana! Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, inachoma mapafu. Kwenye vigae tumia jiki peke yake, kikombe kimoja kwa lita nne za maji, dirisha likiwa wazi. Suuza, kausha. Usisugue kuvu mkavu, vumbi lake linaruka, lowesha kwanza.

Nimepanga chumba kimoja Nyegezi. Nguo kabatini zinanuka uvundo, viatu vya ngozi vimeota ukungu mweupe.

Pole. Mimi viatu vyangu vya harusi viliishia hivyo, vilikuwa kwenye boksi lake, havikuwa vimevaliwa mara tatu. Nadhani unapika humohumo, unaanika nguo humohumo, na kabati limebana ukuta. Livute liachie nafasi ya kiganja kizima. Mchana upepo wa ziwani unapovuma fungua dirisha na mlango pamoja, hewa ipite. Nguo ziingie kabatini zikiwa zimekauka kabisa, hata pindo. Viatu vifutie nje kwa kitambaa chenye siki kidogo, uviache vipigwe na upepo.

Mahindi yangu yameshika ukungu stoo. Nikiyaanika tena na kuyasaga, si yatafaa?

Hayafai. Sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na ukungu huo, haiondoki kwa jua wala kwa kusonga ugali. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Yafukie. Msimu ujao weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Na kuku usiwape.