Nimekagua ukubwa, mbona seva bado inaanguka?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina seva ndogo niliyoiandika kwa C. Mteja hutuma kwanza idadi ya rekodi, namba ya baiti 4, kisha rekodi zenyewe, kila moja baiti 16. Naisoma idadi kama `uint32_t`, nakagua `if (idadi * 16 > 65536) return -1;` halafu naomba kumbukumbu kwa `malloc(idadi * 16)`. Mwenzangu kajaribu kutuma 268435457, seva ikaanguka. Namba kubwa hivyo imepitaje?

JIBU: Imepita kwa sababu unachokagua ni jibu la hesabu ambayo tayari imeharibika. Namba ya biti 32 isiyo na alama inafika mwisho kwenye 4294967295. Ikizidi hapo inaanza tena sifuri, bila onyo lolote. 268435457 mara 16 ni 4294967312. Toa 4294967296, inabaki 16. Kumi na sita haizidi 65536, kwa hiyo `malloc` inakupa baiti 16, nafasi ya rekodi moja tu, huku kitanzi chako cha kusoma rekodi kikiendelea kuhesabu kwa idadi ile ya mwanzo. Rekodi ya pili tayari inaandikwa nje ya eneo lako.

Kuanguka ni nafuu. Mshambuliaji halazimiki kutuma rekodi zote milioni 268: anatuma tatu au nne zenye baiti anazozitaka, kisha anakata muunganisho. Kitanzi kinasimama, na seva inaendelea kufanya kazi juu ya kumbukumbu aliyoichafua yeye.

OpenSSH yenyewe, programu maarufu ya kuingia kwenye kompyuta za mbali kwa usalama, ilipatwa na kosa hili mwaka 2002 (namba yake katika orodha ya udhaifu wa programu ni CVE-2002-0639). Seva ilikuwa inapokea kutoka kwa mteja idadi ya majibu ya uthibitishaji, kisha inaizidisha kwa ukubwa wa pointa (anwani ya mahali kwenye kumbukumbu), ambao ni baiti 4 kwenye mashine za biti 32. Ukituma 1073741824, jibu la kuzidisha linakuwa sifuri. Toleo la 3.4 liliweka kikomo kabla ya kuzidisha: majibu yakizidi 100, yanakataliwa.

Nawe fanya vivyo hivyo, kagua namba yenyewe kabla haijaguswa:

`if (idadi > 65536 / 16) return -1;`

Kugawanya namba mbili zisizobadilika hakuwezi kufurika (yaani kuzidi mwisho na kuanza tena sifuri), na kikomo chako kinakuwa 4096. Ukaguzi huu uje baada ya `ntohl`, inayogeuza baiti kuwa mpangilio wa mashine yako, maana kabla ya hapo bado ziko kwa mpangilio wa mtandao. Kama ujumbe una urefu wake wa jumla, hakikisha pia kwamba rekodi zinazodaiwa zinatosha ndani ya baiti zilizobaki.

Usitegemee mashine ya biti 64 ikuokoe. `idadi` na 16 zote ni za biti 32, hivyo hesabu inafanyika kwa biti 32 na kupanuliwa baadaye, ikiwa imeshafurika. Ukiandika `idadi * sizeof(struct rekodi)` utapona kwenye biti 64, kwa sababu huko `sizeof` hutoa namba ya biti 64, lakini programu ileile ukiipeleka kwenye ruta ya biti 32, tatizo linarudi.

Pitia pia kila mahali unapofanya hesabu ya kutoa. Kwa mfano, katika UDP, moja ya kanuni za kutuma pakiti mtandaoni, sehemu ya urefu inajumuisha baiti 8 za kichwa. Pakiti inayodai urefu wa 4 ni ya uongo, lakini ukiuweka huo urefu kwenye `uint32_t` na kutoa 8 bila kukagua, unapata 4294967292, na `memcpy` itajaribu kunakili kiasi hicho. Kwanza kataa urefu ulio chini ya 8. Vilevile, badala ya `p + urefu > mwisho` andika `urefu > mwisho - p`, ambapo `p` ni mahali ulipofika kusoma na `mwisho` ni mwisho wa data, kwa sababu kujumlisha kunaweza kuvuka mpaka kabla hujalinganisha.

Wakati wa majaribio jenga programu kwa kikusanyaji (compiler) cha clang ukitumia `-fsanitize=address,unsigned-integer-overflow`, ili ikuonye makosa haya yanapotokea. Wengi huweka `undefined` peke yake na kuridhika, ilhali haigusi kosa lako: kwa kanuni za C, namba isiyo na alama ikizunguka hilo ni jambo halali. Kisha tuma 4096, 4097, 268435455, 268435456, 268435457 na 4294967295. Inayopaswa kupita ni 4096 tu. Tuma na sifuri pia, kwani `malloc(0)` inaweza kurudisha `NULL` (pointa tupu) au pointa usiyoruhusiwa kuandikia; ni salama zaidi kuikataa mapema.