Kemikali Inampelekea Nani?

Msomaji anayetafsiri ripoti ya maabara ya dawa anauliza kama ni sahihi kuandika: "Programu imetabiri kuwa kemikali hii inapelekea uharibifu wa vinasaba." Shaka yake iko kwenye "imetabiri", kwa kuwa neno hilo linamnukia ramli.

Aondoe hofu. Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao lilihusu kufasiri ndoto, lakini watu wa hali ya hewa wamekwisha kulizoesha hesabu. Programu hizi hutazama umbo la molekuli na kutafuta vipande vinavyojulikana kwa ubaya, kama vile kundi la nitro lililoshikamana na pete ya benzini, au huilinganisha na kemikali zilizokwisha kupimwa kwa bakteria wa Salmonella ili kuona kama zinabadilisha vinasaba vyao, kipimo alichokibuni Bruce Ames huko Berkeley katika miaka ya 1970. Huo ni utabiri, tena halali: mwongozo wa ICH M7 wa mwaka 2014, uliotolewa na baraza la kimataifa linalooanisha kanuni za dawa, unaukubali kwa uchafu mdogo unaobaki ndani ya dawa, mradi zitumike mbinu mbili, moja ya kanuni za wataalamu na nyingine ya takwimu.

Kilichonikera ni "inapelekea", ambalo msomaji amelipita kama halipo. Hiyo ni kauli ya kutendea: mtu humpelekea mwenzake kitu. Mpelekee bibi maziwa. Bibi yupo, maziwa yapo, na mtoto aliyetumwa yupo. Je, kemikali inampelekea nani? Ikiwa uharibifu ndio bibi, maziwa yako wapi? Na ikiwa uharibifu ndio maziwa, bibi amekwenda wapi? Nimelikemea neno hili hadi sauti imekauka, nalo linazidi kunenepa katika ripoti za warsha.

Hapa limevuka hata makosa ya sarufi. Anayeandika "inasababisha" amekiri kwamba kemikali ndiyo inayoharibu, na anayeandika "inafanana na zinazosababisha" amekiri kwamba ameona mfanano tu; anayeandika "inapelekea" hajakiri lolote, ilhali programu haijaona kinasaba hata kimoja kikiharibika. Aandike: "Programu imetabiri kuwa kemikali hii huenda ikasababisha mabadiliko ya vinasaba katika bakteria." Hao bakteria asiwafute, kwa maana ndio waliopimwa, si binadamu.

Nikishindwa kabisa, nitalivumilia "kupelekea" katika hotuba za kufungua semina, maadamu halimfikii mtaalamu anayesoma ripoti ili aamue kama kemikali ipelekwe kupimwa.