Maswali ya wasomaji: Kugawa waifai ya kompyuta mpakato kwa waya

Swali: Habari za kazi, ndugu wataalamu. Nina duka la steshenari. Kompyuta ya mezani haina waifai. Intaneti naipata kwa hotispoti ya simu kwenye kompyuta mpakato yenye Windows 10. Nimenunua waya wa mtandao, nimechomeka huku na huku, taa zinawaka, lakini ile ya mezani inaandika "No Internet". Je, nimeuziwa waya mbovu?
Msomaji, Tabata

Jibu: Ndugu msomaji, taa zikiwaka pande zote mbili usikimbilie kuulaumu waya. Windows haigawi intaneti mpaka uiruhusu. Ukishairuhusu, mpakato unafanya kazi ya ruta: unaipa kompyuta ya pili anwani ya IP (namba inayoitambulisha kwenye mtandao), kisha unapitisha mawasiliano yake kwenye waifai. Hilo likieleweka, nusu ya matatizo utayatatua mwenyewe.

Kwenye mpakato, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, kisha Enter. Utaona "Wi-Fi" na "Ethernet". Bofya "Wi-Fi" kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", fungua ukurasa wa "Sharing", weka tiki kwenye "Allow other network users to connect through this computer's Internet connection". Chini yake, kama kuna orodha, chagua "Ethernet". Bonyeza OK. Windows itakuonya kwamba kadi ya waya itapewa anwani 192.168.137.1, kubali.

Wengi hukosea hapa. Wanafungua "Sharing" ya Ethernet, wakidhani kwa kuwa waya ndio unaopeleka, ndiko tiki inakokaa. Sivyo. Tiki inakaa kule intaneti inakotoka. Kosa jingine linawapata wenye VirtualBox au VMware, programu za kuendesha kompyuta bandia ndani ya kompyuta: orodha inakuwa na kadi bandia kadhaa, na wanachagua isiyo na waya wowote. Na kama ukurasa wa "Sharing" hauonekani kabisa, ama umeingia kwa akaunti isiyo ya msimamizi, ama kadi ya waya haijatambuliwa. Mpakato mwembamba usio na tundu la waya unahitaji adapta ya USB, nayo kwenye orodha huenda ikaitwa "Ethernet 2".

Sasa hamia kompyuta ya mezani. Usiipangie anwani kwa mkono. Fungua ncpa.cpl, "Properties" za Ethernet, "Internet Protocol Version 4", uchague "Obtain an IP address automatically" na ile ya DNS pia (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP). Kompyuta nyingi zilizotumika maofisini zinauzwa zikiwa bado na anwani ya mtandao wa zamani aliyoiandika fundi wa huko. Ukiikuta, ifute.

Fungua cmd, yaani dirisha la amri, andika ipconfig. Anwani ikianza na 192.168.137 na "Default Gateway" ikiwa 192.168.137.1, mambo yako sawa. Ikianza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Rudi kwenye mpakato, ondoa tiki, OK, irudishe. Ikigoma bado, zima kwa muda ulinzi wa antivirusi uliyoongeza mwenyewe, maana baadhi huzuia maombi hayo. VPN nayo, programu inayopitisha intaneti yako kwenye njia ya siri, izime wakati wa kujaribu.

Anwani ikiwa sahihi na kurasa bado hazifunguki, andika ping 8.8.8.8. Ikijibu, intaneti inafika na kilichokwama ni DNS: iandike kwa mkono 8.8.8.8 au 1.1.1.1, anwani yenyewe iache ijipange.

Lakini kwa hali yako tungeanza na njia fupi zaidi. Kama simu ni Android na ya mezani ndiyo pekee inayohitaji intaneti, ichomeke simu kwa waya wa USB, kisha washa "USB tethering" kwenye mipangilio ya hotispoti. Mpakato hauhitajiki.

Swali: Nami nagawa hivyohivyo. Ilifanya kazi vizuri, umeme ukakatika karibu saa nzima. Uliporudi, ya mezani haipati kitu, na tiki nikiangalia ipo. Kila umeme ukikatika ni hivyo.
Msomaji, Mbagala

Jibu: Tiki ipo, ila huduma iliyo nyuma yake imelala. Tangu toleo la 1709 la Windows 10, huduma ya kugawa intaneti hujizima ikikaa dakika 4 bila mawasiliano yoyote kupita, wala haijiwashi tena. Umeme ukikatika, ya mezani inazimika papo hapo, mpakato unabaki hai kwa betri. Dakika 4 zinapita, huduma inajifunga.

Dawa ya haraka ni kuondoa tiki na kuirudisha. Ya kudumu ina sehemu mbili. Kwanza fungua services.msc, tafuta "Internet Connection Sharing", na "Startup type" uiweke "Automatic". Pili fungua regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\SharedAccess, tengeneza thamani mpya ya aina ya DWORD, iite EnableRebootPersistConnection, uipe 1. Zima na kuwasha mpakato. Kwenye regedit usiguse kingine chochote. Hapo kosa dogo linaweza kuifanya Windows isiwake.

Swali: Fundi wa mtaani amenishauri nichague "Wi-Fi" na "Ethernet" zote mbili, kisha "Bridge Connections". Nimefanya, sasa hata mpakato wenyewe umekosa intaneti.
Msomaji, Sinza

Jibu: Bofya alama ya "Network Bridge" kwa kitufe cha kulia na uifute, waifai itarudi. Fundi wako hakukosea sana, maana njia hiyo inafaa kwa kadi mbili za waya. Kwa waifai mara nyingi inagoma: kila kadi ya mtandao ina namba yake ya MAC, na ruta ya waifai inapokea mawasiliano ya namba iliyojisajili kwake tu. Ya mezani ikipita kwenye daraja kwa namba yake yenyewe, inaonekana mgeni na kutupwa nje. Ukitumia "Sharing", vyote vinatoka kwa namba ya mpakato, ruta haioni tofauti.

Swali: Nataka kuunganisha televisheni. Niambiwe ukweli, waya uwe wa kawaida au ule wa kukingamana (crossover)?
Msomaji, Kigamboni

Jibu: Wa kawaida. Waya wa kukingamana hubadilishana nyuzi za kutuma na za kupokea; matundu ya gigabiti (kasi ya megabiti 1000) hufanya mabadiliko hayo yenyewe, na inatosha upande mmoja uweze. Wa kukingamana unahitajika pale tu vifaa vyote viwili ni vya zamani.

Ukibana vichwa mwenyewe, mpangilio wa T568B kuanzia kushoto, kidole cha plastiki kikiwa nyuma, ni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kasi ya megabiti 100 inatumia nyuzi za 1, 2, 3 na 6 tu. Gigabiti inataka zote 8. Ndiyo maana uzi wa buluu au kahawia ukikatika, kompyuta mbili za gigabiti hushuka hadi 100 bila kukatika kabisa, na mtu akadhani bando limepungua kasi. Ukienda Kariakoo, omba waya wa aina ya Cat5e wa shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba ni mwepesi mkononi, na nyuzi zake hukatika upesi zikikunjwakunjwa.

Swali: Bando la GB 10 limeisha usiku mmoja baada ya kugawa kwa kompyuta ya mezani. Nani kalila?
Msomaji, Kimara

Jibu: Karibu hakika ni masasisho ya Windows. Hata kama waifai ya mpakato umeiwekea "Metered connection", alama hiyo haivuki waya. Ya mezani inaona Ethernet na kudhani intaneti haina kikomo. Kwenye ile ya mezani fungua "Settings", "Network & Internet", "Ethernet", bofya mtandao wako na uwashe "Set as metered connection". OneDrive na michezo inayojisasisha izime mwenyewe, kwa kuwa si kila programu inaheshimu alama hiyo.