Barua kwa mwanangu: sasisho nililolikubali

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Mkomani hatujambo, alhamdulillah. Goti la mama yako limetulia, na paka wako amezaa tena chini ya ngazi.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Unauliza kwenye kompyuta yako ya nyumbani utumie kivinjari gani, Chrome au Firefox, kipi kina usalama zaidi. Halafu mwishoni, mbio mbio kama mtu anayetaja deni, ukasema masasisho ya Windows umeyazima kwa kuwa yanakumalizia bando. Hilo hukuniuliza, lakini ndilo lililoninyima usingizi, basi naanza nalo.

Unaikumbuka kompyuta nyeusi iliyokuwa juu ya meza ya babu. Mwaka 2017 ulikuwa chuoni, ukaambiwa tu kwamba sauti za bibi zimepotea. Zilivyopotea sikukueleza. Niliona haya.

Bibi yako, Mungu amrehemu, alikubali kuniimbia zile nyimbo za vugo, za wanawake harusini, kwa sharti mlango wa nje ufungwe na mwanamume asiwepo ila mimi mwanawe. Alasiri kumi na moja tulikaa naye, simu nimeiweka juu ya mto karibu na mdomo wake. Punda wa jirani akilia, bibi hunyamaza, huinua kidole, husema, "Mngoje amalize," kisha huendelea pale pale alipoachia, bila kukosea neno. Sijapata kuwa na alasiri nzuri kama zile. Kila tukimaliza nilizihamishia kompyuta, kisha nikazifuta kwenye simu ili nipate nafasi.

Fundi aliyetuuzia mashine ndiye aliyesema tuzime masasisho. Simlaumu. La, namlaumu kidogo. Bando lilikuwa ghali kweli, na ile Windows 7 ikianza kupakua vitu vyake ilikuwa huwezi hata kufungua barua. Kwa miaka miwili kila kidirisha kilipotokea pembeni nilikifunga. Kivinjari nacho kilikuwa Internet Explorer ile ile tuliyoikuta ndani.

Mwezi wa Mei mwaka ule redio ilieleza habari za WannaCry, programu haramu inayofunga mafaili ya watu na kudai fidia, iliyoanza kuenea tarehe 12 na kukwamisha hata hospitali za Uingereza. Ilipita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imeshalitolea kiraka tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Nikasikia kwa masikio haya, nikasema hayo ni ya watu wenye makampuni.

Haukupita muda mrefu baada ya Idi. Nilikuwa natafuta programu ya bure ya kukatia sauti, ukurasa mmoja ukaniambia Flash Player yangu, ile programu ya kuonyeshea video za mtandaoni, imepitwa na wakati, nibonyeze hapa niisasishe. Nikaona haya tena, mwanangu. Nikajiambia, miaka miwili nimekuwa mzembe, leo nifanye jambo moja la maana. Nikabonyeza. Ikaomba ruhusa, nikaipa. Niliporudi kutoka kuswali isha, kila faili lilikuwa limebadilika jina, halifunguki, na katikati ya skrini ujumbe wa Kiingereza: nilipe kwa bitcoin, nikichelewa bei inapanda. Masasisho ya kweli nimeyakataa mara mia, na la uongo nimelikubali mara moja.

Shangazi yako alitaka tuchange tulipe. Nikakataa, kwa sababu mwizi hana mdhamini, na hakuna aliyetuhakikishia kwamba ufunguo ungekuja. Bado kuna usiku nasema laiti tungelipa. Kisha nasema hapana. Sijui nitakoma lini.

Kaka yako hunishika hapo. Husema, "Baba, sasisho lisingekuokoa, ulibonyeza mwenyewe." Ni kweli, ruhusa niliitoa kwa mkono wangu. Lakini ningekuwa nimezoea masasisho ya kweli, ningeijua sura yao. La Windows hutoka kwenye mipangilio ya mashine yenyewe. La kivinjari hutoka kwenye menyu ya kivinjari. Ukurasa wa mtandao hauna kazi ya kukusasishia kitu, wala leo wala kesho. Na kivinjari kipya pengine kingenizuia, maana Chrome na Firefox zote hulinganisha unachopakua na orodha ya tovuti zinazojulikana kuwa hatari. Nasema pengine, kaka yako asije akanishika tena.

Mjomba wangu wa Matondoni, unajua alivyo na jahazi lake. Hata lisipovuja tone, wakati wake ukifika hulipandisha pwani kwa bamvua, maji makuu, maji yakipwa hulizunguka na pamba na patasi yake, kisha hulipaka shahamu na chokaa. Chombo hukalafatiwa pwani, yaani nyufa huzibwa kabla ya safari. Nimekwambia hivyo tangu huwezi kupiga kasia, na nitakwambia tena.

Basi usizime. Iambie Windows kwamba mtandao wako wa nyumbani ni wa kupimwa (metered), itapunguza sana kupakua bila kukuuliza. Viraka vya usalama vya Microsoft hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa hiyo Jumatano au Alhamisi yake ichukue mashine kazini kwenu penye waifai, iache inywe ishibe. Mara moja kwa mwezi hakukutoi jasho. Na kama bado ni ile Windows 10, muda wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025. Kama mashine haikubali Windows 11, jiandikishe kwenye ile nyongeza ya mwaka mmoja ya viraka. Hilo usilichelewe.

Kivinjari, sasa. Chrome, Edge, Brave na Opera zimejengwa juu ya msingi mmoja, Chromium. Tundu la msingi ni lao wote, mpaka kila mmoja azibe la kwake. Firefox ina msingi wake. Hilo ni moja. Kwa upande wa pili, Chrome ndiyo iliyotangulia kuitenga kila tovuti kwenye chumba chake, moja isichungulie ya nyingine, mwaka 2018, na Firefox ikafuata 2021. Lakini Google inakula kwa matangazo, nami sipendi mwenye duka ajue kila ninaloliangalia. Mimi natumia Firefox. Natamani sana kukuandikia "tumia Firefox" nimalize, na mkono umeshaanza. Ila kazi yako ya hesabu ina tovuti zake, huenda nyingine zikagoma, kisha useme baba ndiye aliyesema. Basi chagua wewe.

Hata hivyo, uchague kipi, huwa hukifungi. Nilikuona Idi ulipokuja, madirisha arubaini yamebaki wazi wiki nzima, na juu pembeni kivinjari kinakuomba ukizindue upya. Sasisho limeshapakuliwa, limekaa mlangoni linangoja ukifunge ukifungue. Kifunge usiku ukilala. Chombo hukalafatiwa pwani, mwanangu.

Nyimbo tatu zilisalia, kwa sababu nilikuwa nimemtumia mjomba kwa WhatsApp asikie sauti ya dada yake. Nimezitia kwenye flashi disku, mwana wa shangazi yako atapanda nayo basi ya Mokowe Jumamosi. Zinakili kwenye kompyuta, na nakala nyingine uweke mahali pengine kusiko na mtandao, kisha nipigie uniambie umefanya hivyo. Ile ya pili isikilize mpaka mwisho. Punda analia, na bibi anasema mngoje amalize.

Baba yako