Rasi za Bukavu kwa miguu: majibu kwa wasomaji

Nataka kuona machweo pale rasi ya La Botte. Nisimame wapi? (Dada wa Kadutu)

Dada, Bukavu jua halizami majini. Ziwa Kivu liko kaskazini na mashariki yetu, nalo jua hutua nyuma ya milima ya magharibi, kuanzia saa kumi na mbili kasoro dakika chache hadi karibu saa kumi na mbili na nusu, kutegemea mwezi. Simama upande wa magharibi wa rasi, ghuba ikiwa mbele yako na mtaa wa Bagira ng'ambo. Hewa ikiwa safi, kulia utauona mlima Kahuzi wenye mita 3,308. Kisha vuka upande wa pili wa rasi upesi: vilima vya Rwanda hubaki na mwanga wa dhahabu wakati kwetu kivuli kimeshaingia. Kwangu mimi huo ndio uzuri wenyewe, na wengi huukosa kwa kuwa wamelikodolea jua macho. Kuanzia Juni hadi Agosti vumbi na moshi hufunika milima, kwa hiyo ni heri kwenda msimu wa mvua, siku mvua ikikatika mchana.

Kwa nini Bukavu ina rasi nyingi, na kwetu Goma hakuna? (Mwanafunzi)

Swali zuri sana. Zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, Ziwa Edward. Volkano za Virunga zikaziba njia, maji yakapanda na kujaza mabonde, mpaka yakapata mlango kusini: ndio mto Ruzizi, unaoteremka hadi Tanganyika. Migongo ya vilima ambayo maji hayakuifunika ndiyo La Botte, Muhumba, Nguba na zile nyingine. Kwa hiyo unapotembea huku uko juu ya kilima ambacho miguu yake imezama. Ndiyo sababu kingo ni za mteremko mkali na mchanga ni haba. Goma imekaa juu ya lava. Mwaka 2002 ile ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani.

Watoto wataona wanyama gani? Kuna mamba? (Mama wa Panzi)

Mamba hawamo Kivu, mama. Waonyeshe ndege mdiria, mweusi kwa mweupe: husimama hewani akipiga mabawa, kisha hujitupa majini kichwa mbele. Mwewe wapo siku zote. Fisi maji nao wamo ziwani, ila wanataka subira na ukimya, na hapo watoto wako watashindwa. Giza likiingia, tazama taa za wavuvi wa sambaza, samaki walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Je, gesi ya ziwa inaweza kutudhuru tukitembea? (Msomaji wa Sake)

Gesi hiyo imeyeyuka kwenye maji ya kina kirefu, nako kutembea juu ya ukingo wa Bukavu hakukufikishi huko. Mazuku mnayoyajua Sake na Goma ni jambo jingine: hewa nzito inayotulia mabondeni na kuua. Huko kwenu msiwaache watoto washuke mashimoni.

Kila nikitafuta njia ya kufika majini nakuta ukuta. (Baba wa Nguba)

Baba, nakuunga mkono kabisa. Kingo zimejengwa, miti imekatwa, na udongo wa mteremko ukikosa mizizi huporomoka. Ziwa hili ni la watoto wa Kadutu sawa na la mwenye nyumba ya ufukweni; rasi nzima ingestahili njia ya miguu iliyo wazi kwa wote. Kwa sasa fuata barabara ya juu, na kwenye hoteli yenye bustani nunua soda, uombe kushuka hadi majini. Chupa usiitupe: plastiki za mji huu huishia kwenye mitambo ya bwawa la Ruzizi.

Nirudi saa ngapi? (Kijana mgeni)

Jua likishatua, dakika ishirini tu na ni giza. Nenda na mwenzako, waulize wenyeji hali ya mtaa siku hiyo hiyo, patana na mwenye pikipiki kabla ya kwenda, na usipige picha za askari wala za mpaka.