Maswali ya Afya: Shemeji ana homa ya ini, nimtengee sahani?

SWALI: Tunaishi na mdogo wa mume wangu, chumba na sebule. Alikwenda kuchangia damu, akaambiwa ana homa ya ini B. Tunakula sinia moja, choo tunachangia na wapangaji wenzetu, na kwa joto hili jasho halikauki. Nimemtengea sahani na kikombe, na mwanangu wa miaka mitatu nimemkataza kupanda mapajani mwake. Nimekosea?
Mama wa watoto wawili, Mbagala

JIBU: Sahani irudishe kabatini, dada, na mtoto arudi kwa baba yake mdogo. Virusi vya B havipiti kwenye ubwabwa, kikombe, jasho, kikohozi, choo wala mbu. Wengi huchanganya na homa ya ini A na E, ambazo ndizo hutoka kwenye kinyesi na kuingia kwa maji na chakula. Jina moja, virusi tofauti.

B hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na toka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Basi acha jikoni, kagua bafuni: wembe, mswaki, kikatio cha kucha. Hivyo kila mtu awe na chake. Damu kidogo isiyoonekana kwa macho inatosha, na virusi hivi hukaa kwenye kitu kikavu siku 7 au zaidi. Wembe ulioachwa dirishani Jumapili bado ni wa kuogopwa Ijumaa.

Akijikata, kidonda kifunikwe. Damu ikidondoka sakafuni, vaa glavu, ifute kwanza kwa kitambaa cha kutupa, kisha mwaga Jik ya 3.5%, kipimo 1 kwa maji vipimo 6, subiri dakika 10 ndipo upige deki. Ukimwaga Jik juu ya damu nzito, damu huimaliza nguvu kabla haijafika chini. Changanya ya siku hiyo hiyo.

Watoto wako, tazama kadi za kliniki: chanjo ya B imo ndani ya penta (sindano moja yenye chanjo tano), ya wiki ya 6, 10 na 14. Zikiwa zote tatu, tulia. Wewe na mume wako mpimwe kwanza (kwenye karatasi huandikwa HBsAg), halafu mchanjwe: sindano ya leo, ya baada ya mwezi 1, na ya mwezi wa 6 tangu ya kwanza. Msigeuze mpangilio. Chanjo imetengenezwa kwa ganda lile lile la kirusi linalotafutwa na kipimo, hivyo ukipimwa siku chache baada ya sindano unaweza kuambiwa unao wakati huna. Ya tatu ndiyo husahaulika. Ukichelewa, endelea ulipoishia, huanzi upya.

Shemeji naye arudie kipimo baada ya miezi 6, apimwe ini, na pombe aiache. Kama ana mwenza, naye apimwe.

SWALI: Kinyozi wangu hupitisha pamba yenye spiriti kwenye mashine. Inatosha?
Msomaji, Sinza

JIBU: Kwa sekunde mbili, na nywele za mteja aliyetangulia bado zimo kwenye meno? Haitoshi. Spiriti inataka chuma kilichosafishwa kwanza, na muda. Nunua mashine yako, uende nayo. Kwa kuchonga ndevu, wembe ufunguliwe kwenye karatasi yake mbele ya macho yako.