Majina ya watoto ya Kibrazili: maswali yenu na majibu

Swali: Nimejaliwa mtoto wa kike na ningependa kumwita Iara. Nimeambiwa ni jina la Kibrazili. Maana yake nini?

Jibu: Hongera sana. Iara ni jina la Kitupi, lugha ya wenyeji walioishi pwani ya Brazili kabla Wareno hawajafika mwaka 1500. Limeungwa kwa maneno mawili, "y", yaani maji, na "jara", yaani bwana au bibi mwenye kitu, kwa hiyo maana yake ni bibi wa maji. Ujue pia kwamba katika masimulizi ya Amazon, Iara ni kiumbe wa kike mwenye sauti tamu ambaye huwavuta wanaume hadi kilindini, jamaa wa chunusi wetu. Wabrazili wengi huwapa binti zao jina hilo bila wasiwasi, nami naliona zuri.

Swali: Je, ni kweli kwamba Moacir ni jina la huzuni?

Jibu: Ni kweli, na kisa chake kinastahili kusimuliwa. Jina hili lilienea kutokana na riwaya ya José de Alencar iitwayo Iracema, iliyochapishwa mwaka 1865. Iracema, ambaye mwandishi alilifasiri jina lake kuwa "midomo ya asali", anajifungua peke yake kando ya mto, mumewe Mreno akiwa vitani, kisha anamwogesha mtoto mtoni na kumwita Moacir, yaani aliyezaliwa na mateso yangu. Msomaji aliyekulia miongoni mwa akina Tabu, Shida na Mashaka hatahitaji kuelezwa zaidi kwa nini mama huyo alichagua hivyo.

Swali: Mbona Wabrazili wengi huitwa Edson, Wellington au Jefferson? Majina hayo yana maana gani kwa Kireno?

Jibu: Kwa Kireno hayana maana, kwa sababu yameazimwa kutoka kwa watu mashuhuri wa nchi nyingine. Pelé, aliyezaliwa mwaka 1940, aliitwa Edson kwa heshima ya mvumbuzi Thomas Edison. Nawasihi wazazi wasiamini orodha zinazobandika maana ya kupendeza kwenye kila jina; ulizeni kwanza jina limetoka lugha gani.

Swali: Mume wangu ni Mbrazili. Mtoto wetu atachukua ubini wa nani?

Jibu: Kwa desturi huchukua wa pande zote mbili, wa mama ukitangulia na wa baba ukifuata. Pelé huyohuyo aliitwa Edson Arantes do Nascimento: Arantes ni upande wa mama, Nascimento upande wa baba. Akipewa jina la baba yake lote huongezewa Filho au Júnior, na akiwa somo wa babu yake huongezewa Neto, yaani mjukuu. Sheria ya usajili ya mwaka 1973 inamtaka msajili akatae jina linaloweza kumfedhehesha mtoto, na tangu mwaka 2022 aliyetimiza miaka 18 anaweza kubadili jina lake la kwanza bila kutoa sababu.

Swali: Renato hutamkwaje?

Jibu: Maana yake ni aliyezaliwa upya, kutoka Kilatini. Huko Brazili R ya mwanzo husikika kama H, na O ya mwisho kama U, basi mwite "Henatu".